Meza Moja, Majina Mawili

Tuanze na hesabu, ndugu msomaji, maana jambo hili bila hesabu halieleweki. Ndani ya kasri la Cinderella, kule Walt Disney World, Florida, kuna mkahawa. Meza zake ni zile zile, haziongezeki eti kwa kuwa watu wamezipenda. Anayetaka kuketi humo na mwanawe inambidi abuku mapema, na mlango wa kubuku hufunguliwa siku 60 kabla. Zamani zilikuwa siku 180, nusu mwaka mzima! Tena aliyepanga chumba katika hoteli za humo humo ana upendeleo wake: ikifika siku ya 60 kabla ya kuwasili, anaruhusiwa kubuku milo ya hadi siku 10 za likizo yake kwa mpigo mmoja. Wengine wanabuku siku baada ya siku. Yaani aliyelipia kitanda cha bei anawatangulia wenzake hata kwenye sahani. Hilo ni la wenye biashara, nalipita.

Linaloniumiza kichwa ni letu sisi walaji. Dada yangu anaishi Marekani, na mwaka juzi aliwapeleka wanawe huko. Aliamka alfajiri akabuku chakula cha usiku mmoja mahali pawili: pamoja kwa jina lake, pengine kwa jina la shemeji. "Sikujua watoto watataka nini siku hiyo," aliniambia kwenye simu. "Ile nyingine niliifuta mchana wake. Sikutozwa hata senti. Sasa kosa liko wapi, mdogo wangu?"

Swali zuri. Kanuni hakuivunja. Mikahawa mingi ya humo humtoza dola 10 kwa kichwa yule asiyetokea wala kufuta kwa wakati, na yeye alifuta. Wala meza haikuoza. Bila shaka aliidaka mtu aliyekuwa jirani, simu mkononi.

Lakini kwa miezi miwili meza ile ilihesabika ina mwenyewe. Mama mwingine aliyeitafuta aliambiwa imejaa, akapanga mambo yake upya, pengine akawaambia wanawe wasahau. Meza ilipoachiwa, yeye hakuwa tena anaitafuta. Kwa hiyo dada hakumnyang'anya mtu chakula. Alichochukua ni nafasi ya mwenzake ya kupanga, na hiyo haina risiti.

Kwenye foleni ya miguu huwezi kusimama mara mbili. Mwili mmoja, nafasi moja. Hata bombani kwetu, ambako ndoo husimama badala ya mtu, ukichelewa sana kurudi jirani anaisogeza pembeni, na hakuombi radhi. Kubuku kumeondoa mwili, na aibu ikaondoka nao. Nani atakuona?

Hapo kuna mshkaji atasema, basi turudi kwenye foleni. Hapana, bwana. Foleni inamtesa bibi mwenye magoti mabovu, na jua la Florida halina mchezo. Familia iliyodunduliza miaka ili iende mara moja tu maishani haiwezi kubahatisha mlangoni. Kubuku kuna haki yake, na haki hiyo ni ya watu kama hao hasa. Ndiyo maana mwenye meza mbili anawaumiza wao kabla ya wengine.

Jimbo la New York lilipitisha sheria, ikatiwa saini Desemba 2024, kuwazuia watu wa kati kuuza nafasi za mikahawa bila ridhaa ya mikahawa yenyewe. Sisi tuna neno la zamani kwa biashara hiyo: ulanguzi. Waliokuwa watu wazima Tanzania mwaka 1983 wanakumbuka walanguzi walivyosakwa, na bidhaa zilivyofichwa. Dada si mlanguzi, hakuuza kitu, na nisingependa asome hapa kwamba nimemwita hivyo. Ila yeye na mlanguzi wanafanana kwa hili: wote wawili wameshika wasichokusudia kukila.

"Wewe huna watoto," akanijibu, na kweli sina. Nikampunguzia. Shika zote mbili wiki moja, zungumza na shemeji, waulize watoto, kisha achia moja. Wiki moja naielewa. Miezi miwili, hapana.