Kahawa Iliyouzwa Ingali Mtini

Somo: Nehemia 5:1-13

Somo la juma hili linatupeleka Yerusalemu wakati ukuta unajengwa. Watu wanalia, na wanaowalalamikia ni ndugu zao wenyewe. Njaa imewafanya waweke rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka. Wengine wamekopa walipe kodi ya mfalme, na sasa watoto wao wanatiwa utumwani.

Sisi wa Kagera jambo hili tunalijua kwa jina lake: butura. Januari inafika, mtoto anadaiwa sare na madaftari, au mama amelazwa. Kahawa kibanjani, katika shamba la nyumbani la migomba na kahawa, bado haijaiva. Mwenye fedha anakuja, anaikadiria ikiwa bado mtini, analipa bei ya kutupa. Mavuno yakianza, familia ile ile inachuma, inaanika, inambebea magunia mtu ambaye hakupalilia hata shina moja. Yeye ndiye anayeyapeleka chama cha msingi cha ushirika kwa jina lake na kupokea malipo yote. Mwenye kibanja anabaki bila fedha ya samadi wala matandazo, migomba inadhoofu, na Januari nyingine anabisha hodi mlango ule ule. Misimu ikipita hivyo, mwisho kinauzwa kibanja chenyewe, pamoja na makaburi ya wazee wake.

Kwa hiyo naumia nikisikia waumini wakisema maskini wa kijiji ni mvivu. Nyumba mbili zinapata mvua moja, zinalima udongo mmoja, na wote wanaamka alfajiri. Mmoja alikuwa na akiba mwezi wa shida, mwenzake hakuwa nayo. Kutoka hapo, kila mwaka mmoja anapanda na mwingine anashuka.

Serikali imekemea butura mara nyingi, na imefanya vema. Lakini katazo halimnunulii mtoto sare. Nehemia, msimamizi wa ujenzi ule, hakuishia kukemea: alikasirika, akatafakari moyoni, kisha akawakabili wakuu mbele ya mkutano. Hakujificha: alikiri kwamba yeye na jamaa zake nao walikuwa wakikopesha. Akataka mashamba, nyumba na riba virudishwe siku ile ile, akawaapisha mbele ya makuhani.

Wanunuzi wa butura tunasali nao. Wengine hutoa sadaka nono wakati wa mavuno, nasi tunawapigia makofi. Makofi hayo yananiogopesha, kwa maana mjane aliyeichuma kahawa ile amekaa benchi la nyuma mikono mitupu.

Naziomba jumuiya zetu zote: malipo ya kahawa yakitoka msimu huu, kila nyumba iweke kidogo katika mfuko wa Januari, wenye shida wakopeshwe bila riba na kurejesha baada ya mavuno. Nawe ndugu uliyeshika kahawa ya jirani ingali mtini, nenda kwake juma hili. Mwachie kahawa yake, akurudishie fedha uliyompa atakapovuna, bila nyongeza.