Bunduki ya Vipande, Hatia ya Nani?

Ndugu msomaji, kabla hujanihukumu nisikilize kwanza. Likizo ya Desemba mwaka 2016, mimi na wenzangu watatu tulishiriki kutengeneza gobore. Hatukuwa majambazi. Tulikuwa wanafunzi wa kidato cha pili pale Makambako, mji wa njia panda: barabara ya Dar inaingia, ya Mbeya inatoka, ya Njombe na Songea inakata kusini, na reli ya TAZARA inapita hapohapo. Mji wa namna hiyo haukosi gereji, na gereji hazikosi vyuma vya malori yaliyokufa. Sisi tulikuwa tunashinda kwa fundi mmoja, tukimsaidia kazi ndogondogo ili tupate hela ya chipsi na vocha.

Jioni, akishamaliza kazi za watu, fundi alikuwa na kazi yake ya pembeni. Mtutu aliuleta mwenyewe. Mwenzetu mmoja, mtoto wa seremala, akachonga kitako. Wa pili akatafuta springi. Wa tatu alishika tochi na kupaka mafuta. Mimi nikapewa kifyatuo na tupa. "Wewe dogo una mkono mtulivu, sugua hicho." Nilisugua siku tatu.

Jamani, sitawadanganya: ilikuwa raha. Redio inaimba, karanga zinapita, utani hauishi, na kuna ile furaha ya kuona kitu kinazaliwa mikononi mwenu. Siku kifyatuo kilipoitika vizuri, bila baruti, tulipiga makofi kama tumefunga goli. Nani aliuliza bunduki inakwenda wapi? Tuliambiwa ni ya mzee fulani kijijini, upande wa Njombe, nguruwe pori wanamalizia mahindi yake. Basi, ikaisha.

Aprili 2017, usiku, mwenye gobore alisikia mahindi yakivunjika. Akapiga. Hakuwa nguruwe. Alikuwa mtoto wa jirani, kijana wa miaka 18, anakatisha shambani kuwahi nyumbani. Alikata roho njiani, hospitali haijafikiwa. Mpigaji alifungwa. Fundi alihama mji. Sisi wanne hakuna aliyetuuliza neno.

Je, na mimi nimeua?

Kijiweni tulijipa majibu haraka, maana kijiwe hakikosi wanasheria. Jibu la kwanza lilikuwa la kisu. Kisu kinakata nyanya na kinaua, mbona mhunzi hashitakiwi? Jibu hili lilinilaza usingizi miezi kadhaa. Lakini tulitazame vizuri. Kule Ukinga na Upangwa, zamani, wahunzi walifua chuma na kutengeneza majembe yaliyofika mpaka kwa Wabena. Mtu akimpiga mwenzake kwa jembe lile, jembe limepotoshwa; halikufuliwa kwa ajili hiyo. Gobore letu usiku ule halikupotoshwa hata kidogo. Lilifanya kazi yake barabara, na kifyatuo kiliitika kama nilivyokisugua. Lililokosea ni jicho la mwenye shamba. Na anayetengeneza kitu cha kuua anajua, au anapaswa kujua, kwamba macho ya watu hukosea, hasa gizani.

Nisiwe mwongo: wahunzi walewale walifua na mikuki. Na hapo ndipo linapokuja jibu la pili, la historia, ambalo ni zito zaidi. Wazee wetu walijifunza kwa machungu nini maana ya kukosa bunduki. Mwaka 1891 pale Lugalo, watu wa Mkwawa, wengi wao na mikuki, waliliangamiza jeshi la Wajerumani na kuteka bunduki zipatazo 300. Mwaka 1905, wakati wa Maji Maji, Wabena waliivamia misheni ya Yakobi, karibu na Njombe. Bunduki zikawarudisha nyuma. Sasa mtu anauliza: baada ya hayo, unamlaumuje Mbena kwa kujitengenezea gobore?

Simlaumu kwa kutaka kujilinda. Nauliza tu gobore la leo linamwelekea nani. Mjerumani aliondoka zamani. Limebaki kumwelekea nguruwe, na nyuma ya nguruwe yuko jirani.

Jibu la tatu ndilo lililonikamata hasa. Ni hili: mimi nilitengeneza kipande tu. Kifyatuo peke yake hakiui. Kitako ni mti, springi ni springi, bomba ni bomba. Kila mmoja wetu akishika kipande chake na kukiangalia, haoni maiti. Sasa maiti imetoka wapi?

Wala si sisi peke yetu tunaofurahia kazi hii. Kule Marekani wapo watu wanaokutana mwishoni mwa wiki, kila mtu na kifurushi chake cha vipande vya bunduki, wanaazimana vifaa, wanakunywa kahawa, na jioni kila mmoja anaondoka na bunduki kamili. Sheria ya shirikisho inamruhusu raia ambaye hakukatazwa kumiliki silaha kujitengenezea ya kwake, ingawa baadhi ya majimbo yana masharti makali. Kwetu, chini ya sheria ya silaha ya mwaka 2015, kutengeneza bila kibali ni jinai. Kwa hiyo wao ni wapenzi wa ufundi, sisi ni wahalifu. Raha ya kukaa pamoja ni ileile. Lakini hata kule swali limewafuata. Machi 2025 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikubali kwamba baadhi ya vifurushi hivyo vinaweza kuhesabiwa kuwa bunduki hata kabla havijaunganishwa. Kumbe vipande vikishakusudiwa kuwa bunduki, si vipande tena!

Mikhail Kalashnikov, Mrusi aliyebuni AK-47, maisha yake yote alisema wa kulaumiwa ni wanasiasa. Lakini uzeeni, karibu na kifo chake cha mwaka 2013, alimwandikia kiongozi wa kanisa lake barua akiuliza kama naye ana hatia kwa watu waliouawa na bunduki yake. Mzee wa miaka zaidi ya 90, mwenye nishani kifua kizima, halali usingizi! Basi mimi wa tupa ni nani nilale?

Nimefikiri sana, na nimefika hapa. Tunachanganya maneno mawili: hatia na wajibu. Hatia inaweza kupimwa: mpigaji ana yake, fundi yake, mimi yangu, ndogo au kubwa, hakimu aamue. Lakini wajibu si nyama ya mnadani, haukatwi mafungu. Mtoto wako akivunja chungu cha jirani, hujavunja wewe, lakini ni wewe unayekwenda kusema pole. Wanne tukishiriki, hakuna mwenye robo ya kusema pole. Kila mmoja anadaiwa nzima. Na kosa letu kubwa, ukiniuliza mimi, halikuwa gereji tu. Ni kwamba baada ya msiba tulikaa kimya, kila mmoja amejificha nyuma ya kipande cha mwenzake.

Mwaka 2022 Serikali ilitangaza msamaha: kuanzia Septemba mosi hadi Oktoba 31, mwenye silaha haramu aisalimishe kwa hiari, hatashitakiwa. Mimi sikuwa na silaha. Nilijiuliza: gobore linasalimishwa kituoni, aliyelitengeneza ajisalimishe wapi?

Nilipanda basi, kilomita zipatazo 60 mpaka Njombe, kisha bodaboda. Baridi ilikuwa ile ya kwetu mnayoijua. Nilimkuta baba wa marehemu anapukuchua mahindi barazani.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mwanangu."

Nikakaa chini, nikamwambia yote: gereji, tupa, zile siku tatu, makofi. Nikasema kifyatuo kile nilikisugua mimi, na nimekuja kusema pole, nimechelewa miaka mitano. Hakunifukuza. Hakunisamehe pia, wala sikuthubutu kumwomba. Aliendelea kupukuchua kwa muda, halafu akaniuliza:

"Mlikuwa wangapi?"

"Wanne, ukimtoa fundi."

"Na wenzako wako wapi?"

Sikuwa na jibu. Wenzangu wale, kama mnasoma gazeti hili, mzee bado anauliza.