Khabari ya Kalenga na Hukumu ya Kuzuia Maji na Chakula Vitani

Sifa zote njema zamthubutikia Mwenyiezi Mungu, Mola wa mvua na mavuno. Na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Mtu wa pwani apandaye bara akafika Iringa huambiwa aende Kalenga akatazame fuvu la Mkwawa. Naye huenda. Hukuta kijiji kando ya mto Ruaha Mdogo, na nyumba ya makumbusho, na ndani yake fuvu katika kioo, lililochukuliwa na Wadachi baada ya kufa kwake na kurudishwa na Gavana Twining mwaka 1954. Hulitazama, hustaajabu, hurudi zake. Walakini Kalenga kuna jambo jingine lisilowekwa katika kioo, nalo lawapasa watu wa pwani kulijua kuliko fuvu: chakula kilichotiwa moto, na mikono iliyokitia moto.

Jueni, enyi ndugu, ya kuwa nchi ile si nchi ya njaa. Mvua yake ni ya msimu mmoja, kisha hufuata kiangazi kirefu. Na kwa ajili hiyo Wahehe hulima vinyungu, yaani bustani za mabondeni, penye ardhi ishikayo maji baada ya mvua kwisha. Mtama na ulezi hutoka mashamba ya juu, mboga na maharage hutoka bondeni, na ng'ombe hulisha kati yake. Watu waliojipanga hivi hawauawi na mwaka mmoja wa ukavu. Wenye kuwaua ni wale wawafukuzao kondeni wakati wa kupanda, au wawachomeao walichokwisha kuvuna.

Mkwawa aliwashinda Wadachi pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, akamwua mkubwa wao Zelewski. Miaka mitatu baadaye Gavana von Schele akaja kwa mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894, nao ni mwaka 1312 wa Hijra, boma la Kalenga likaingiwa. Ng'ombe wakachukuliwa, wanawake na watoto wakatekwa. Mkwawa akatoka akaingia porini, akaishi huko karibu miaka 4, na hakuwa na ghala wala shamba: aliishi kwa chakula alichopewa na watu wake. Wadachi walipolijua hilo waliacha kumfuata mtu wakafuata chungu chake. Kijiji kilichodhaniwa kumlisha kilitiwa moto, na mashamba yake yakaharibiwa. Tarehe 19 Julai 1898 Mkwawa alijiua kwa bunduki, mgonjwa, akiwa hana tena pa kukimbilia.

Sasa aulize mwenye kuuliza: waliotia moto ni nani? Wadachi wenyewe walikuwa wachache, wakihisabika kwa vidole katika kila kombania. Waliobaki walikuwa askari weusi: Wasudani walioajiriwa Misri na Wissmann tangu mwaka 1889, na watu wa bara, na watu wa Mrima, na nyuma yao wapagazi. Si wachache kati yao walikuwa Waislamu, wenye kusali na kufunga. Mchana huchoma mtama wa mjane, na magharibi hutafuta maji ya kutawadha. Jambo hili katika mabaraza ya pwani halisemwi sana. Husemwa ushujaa wa babu, na rupia alizorudi nazo.

Kisha ikaja Maji Maji. Ilianza mwaka 1905 katika milima ya Umatumbi kwa sababu ya pamba ya kulazimishwa, na watu wakapewa maji ya dawa wakiaminishwa kwamba risasi itageuka maji. Haikugeuka. Lakini risasi siyo iliyoua wengi. Kapteni mmoja wa Kidachi, von Wangenheim, aliandika mwaka ule ule kwamba vita peke yake havitafika mbali, na kwamba ni njaa na dhiki tu zitakazowatiisha watu hawa kabisa. Ikafanywa hivyo kwa makusudi, mwaka 1906 na 1907, kutoka Umatumbi mpaka Ungoni na Upangwa: vyakula vikachukuliwa au vikachomwa, na mbegu pamoja navyo, hata mvua iliponyesha haikukuta mwenye nguvu ya kushika jembe. Serikali ya Wadachi ilihisabu waliokufa kuwa 75,000. Mwana wa tarikh Gwassa, baada ya kuwauliza wazee waliobaki, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Na Wahehe, waliochomewa vyakula vyao miaka 10 nyuma, wengine wao walifuatana na Kapteni Nigmann wa boma la Iringa kwenda kuwapiga jirani zao. Mwenye kuonja njaa si lazima awe mpole. Huenda amejifunza tu kwamba njaa ni silaha.

Basi hapa ndipo panapotakiwa Sira ya Mtume (s.a.w.).

Makureshi walimfungia Mtume na ukoo wa Hashim katika bonde la Abu Talib muda wa miaka 3 hivi. Wakaandika waraka wakautundika katika Al-Kaaba: hapana kuuziana nao, wala kuoana nao. Watoto wakalia njaa hata sauti zao zikasikika nje ya bonde, na wakubwa wakala majani ya miti. Mwisho mchwa wakaula ule waraka. Miaka ikapita, Mtume akahamia Madina, na vita vikawa kati yake na watu wale wale. Ikawa Thumama bin Uthal, mkubwa wa Banu Hanifa katika nchi ya Yamama, ametekwa, akafungwa katika nguzo ya msikiti siku 3, kisha Mtume akamwachilia bure, naye akasilimu. Alipokwenda Makka kwa umra Makureshi walimkejeli. Akaapa ya kwamba hawatapata punje moja ya ngano ya Yamama ila kwa ruhusa ya Mtume. Na Makka ilikuwa ikila ngano ya Yamama. Wakapatwa na dhiki, wakamwandikia Mtume wakimkumbusha udugu.

Tafakarini hali ile. Adui ni yule yule. Silaha imekuja yenyewe mkononi, wala haikuombwa. Na aliyeishika amewahi kuwa ndani ya bonde, akaijua njaa ile kwa tumbo lake. Mtume akamwandikia Thumama: waachie chakula chao. Na Makureshi walikuwa bado hawajasilimu, wala vita havijakwisha.

Huenda mwanachuoni akasema: mbona katika Badr visima vilifukiwa kwa shauri la Hubab bin al-Mundhir, na mitende ya Banu Nadhir ilikatwa, na vitabu vya madhehebu ya Imamu Shafi vimeruhusu kuharibu miti na majengo ya adui? Haya ni kweli, wala hayafichwi. Lakini na asome mpaka mwisho wa mlango. Visima vya Badr vilifukiwa baina ya jeshi na jeshi, si juu ya mji wenye wazee na watoto. Na hata hivyo walipokuja watu wa Makureshi kunywa katika birika la Waislamu, na kati yao Hakim bin Hizam, Mtume alisema waachwe. Na Imamu Nawawi katika Minhaj ameiruhusu miti kwa haja ya kupigana na kushinda, au isipotarajiwa kuwa mali ya Waislamu; ikitarajiwa, ni sunna kuiacha. Na wanyama ameharimisha kuwaangamiza, ila wale wapandwao vitani na mfano wao. Sayyidna Abubakar (r.a.) alipolituma jeshi Sham alilikataza kukata mti wenye matunda na kuchinja kondoo au ngamia ila kwa kula. Basi iko wapi katika hayo ruhusa ya kuchoma mbegu ya mjane aliyekwisha kushindwa?

Tena mtoto wa chuoni asomaye Safinatun-Najaa hufundishwa ya kuwa miongoni mwa sababu za kutayamamu ni maji kuhitajiwa kwa kiu ya kiumbe chenye heshima. Yaani mwenye maji kidogo, na mbele yake mnyama mwenye heshima hiyo ana kiu, humnywesha mnyama, na yeye akapiga udongo akasali. Iwapo udhu wa sala, nayo ni nguzo ya dini, huachilia maji kwa ajili ya koo la mbuzi, itakuwaje kwa koo la mtoto wa Kihehe? Na akisema askari kwamba mtoto yule ni wa makafiri wa vita, huambiwa: wanawake na watoto wamekatazwa kuuawa kwa neno la Mtume mwenyewe, na vita vile havikuwa jihadi hata vikatafutiwa hukumu zake. Mshahara ulikuwa wa Kaisari.

Wala isidhaniwe kwamba haya ni ya Wadachi na watumishi wao tu. Kisima cha Ruma pale Madina kilikuwa na mwenyewe, akiuza maji yake, na maskini wakipata taabu, Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.) akakinunua kwa mali yake akakifanya wakfu kwa Waislamu wote. Mwaka 35 wa Hijra alizungukwa nyumbani kwake na watu wanaosali, wakamzuilia maji ya kisima kile kile. Dhambi hii basi ni ya zamani katika umma, na haikuletwa na merikebu.

Na leo iko Sudani, nchi walikotoka wale askari wa kwanza. Asiseme mtu kwamba ni malipo ya Kalenga; Mwenyiezi Mungu hambebeshi mtu mzigo wa mwingine, na waliokufa njaa Darfur hawajapata kusikia jina la Iringa. Tangu tarehe 15 Aprili 2023 jeshi la serikali na jeshi la Msaada wa Haraka, wote Waislamu, walipigana, na wakulima wa Jazira wakakimbia mashamba yanyweshwayo kwa mifereji ya Nili ya Buluu. Mwezi wa Agosti 2024 baa la njaa lilithibitishwa katika kambi ya Zamzam. Mji wa El Fasher ulizingirwa siku zaidi ya 500, ukazungushiwa tuta la mchanga ili asiingie mtu na gunia, na watu wake wakala ambazi, makapi ya karanga zilizokamuliwa mafuta, chakula cha mifugo, mpaka mji ulipoingiwa mwezi wa Oktoba 2025. Waliozingira walikuwa na maimamu wao na adhana zao.

Yamebaki mambo mawili ambayo watu huyauliza.

La kwanza ni mali. Toba huondoa haki ya Mwenyiezi Mungu. Haki ya mja haiondoki ila kwa kurudishwa au kusamehewa na mwenyewe. Babu akifa na ng'ombe wa watu zizini, dhambi ni yake peke yake, walakini ng'ombe ni wa watu, na ndama wake pia, kwa kuwa mazao ya kilichoporwa ni ya mwenye kuporwa. Mwenye kujua kwa yakini kwamba katika urithi wake kuna kitu cha namna hii, amrudishie mwenyewe au warithi wake. Na asipowajua kabisa, atoe thamani yake katika maslahi ya watu, kama kuchimba kisima, na nia iwe ni kwa ajili ya mwenye mali, si thawabu zake yeye. Asiyejua kitu asijichimbulie wasiwasi.

La pili ni msaada wa kupeleka Sudani. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imamu Shafi ni kuwa zaka haihamishwi katika mji ilipowajibikia maadamu mna wenye kustahiki, na pwani hii haikosi mafakiri. Basi zaka na ibaki hapa. Sadaka ya khiari haina mpaka, na aliye karibu na kufa kwa njaa ni wajibu kumlisha juu ya kila aliyezidiwa na chakula akaweza kumfikia. Na kumfikia siku hizi ni kwa mkono wa mtu mwaminifu anayejulikana, atakayerudi na khabari ya kilichonunuliwa na waliopokea.

Na Mwenyiezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.