Ndoa na sikukuu: Je, tungoje tarehe 30 Juni?



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, ninawausia ninyi na ninaiusia nafsi yangu tumche Mwenyezi Mungu.

Wazazi wengi wanakuja kuuliza neno moja: Sheikh, posa imekubaliwa, mahari yametajwa, je tufunge ndoa sasa au tungoje sikukuu? Huyu anataka Idd, yule anataka tarehe 30 Juni, kwa kuwa watu wako konje na jamaa wa mbali watafika. Swali hilo si dogo. Nyuma yake kuna kijana na binti wanaongoja.

Jueni kwamba sharia haikuweka siku ya ndoa. Ndoa inataka ridhaa, walii wa binti, mashahidi wawili, mahari, na maneno ya kutoa na kupokea. Kalenda haimo. Wako wanaosema kuoa kati ya Idd mbili kunaleta mkosi. Hayo ni mabaki ya Waarabu wa zama za ujinga, waliouogopa mwezi wa Shawwal. Bibi Aisha, Mungu amridhie, aliolewa na Mtume katika Shawwal na akaingia nyumbani kwake katika Shawwal, naye alipenda wanawake wa jamaa yake waingie kwa waume zao mwezi huo. Basi mtu asitutishe tena.

Kuchagua sikukuu kuna faida, sikatai. Mwezi wa Juni huku kwetu Maniema mvua imepungua, na mtu wa Kasongo anafika Kindu kwa pikipiki bila kulala matopeni. Lakini anayengoja mjomba wa Lubumbashi aje kwa treni, huyo namuonea huruma. Treni ile haijui sikukuu.

Sasa tazameni upande wa pili. Siku ya sikukuu viti, turubai na vyombo vya kupikia vinatafutwa na watu wote, na bei inapanda. Jamaa maskini ametoka kuwanunulia watoto nguo za Idd, nanyi mnamletea karatasi ya mchango wa arusi. Atakopa, au ataona haya asije. Na Mtume ametufundisha kwamba chakula kibaya kuliko vyote ni cha karamu ya arusi wanayoitiwa matajiri, maskini wakaachwa nje. Mwaka 2023 Idd ya kuchinja na sikukuu ya uhuru ziliangukia juma moja, na tarehe 30 Juni yenyewe ilikuwa Ijumaa. Mtu ana defile asubuhi, ana swala ya Ijumaa adhuhuri, halafu magari ya arusi yapige honi saa ngapi? Mkichagua siku kama hiyo, bibi arusi na wageni wote wangoje mpaka swala ya Ijumaa imekwisha.

Tena biro ya komine inafungwa siku ya sikukuu. Sheria ya jamaa ya nchi yetu, ile ya 1987 iliyorekebishwa 2016, inataka ndoa iandikwe, na wote wawili wawe wametimiza miaka 18. Mke asiye na karatasi anateseka siku mume akifariki. Nendeni mapema.

Lakini jambo zito ni kungoja kwenyewe. Baba mmoja alitaka kusogeza ndoa ya binti yake miezi minane ili sherehe iwe kubwa. Nilimuuliza: Baba, binti amesema nini? Akanyamaza. Walikuwa wamewauliza wajomba, shangazi na mpiga picha, binti hawakumuuliza. Aliporudi nyumbani akamuuliza, binti alisema anataka ndoa hata kesho, nguo mpya si lazima. Miezi minane ni simu za usiku, ni kuonana kwa siri, ni maneno ya majirani. Imepokewa kutoka kwa Sayyidna Ali kwamba Mtume alimuusia asicheleweshe mambo matatu: swala wakati wake ukifika, jeneza likiwa tayari, na mwanamke asiye na mume akipatikana wa kumfaa.

Basi ushauri wangu ni huu. Ndoa na karamu si kitu kimoja. Fungeni ndoa sasa, baada ya swala ya alasiri, kwa walii, mashahidi na wazee wachache, na binti aende kwa mume wake. Mkitaka kukusanya jamaa siku za konje, wakusanyeni mle pamoja, hakuna ubaya. Mtume alipomuoa Bibi Safiyya, wakiwa safarini kutoka Khaybar, karamu yake ilikuwa tende, samli na maziwa makavu, na watu walikula. Na ikiwa sikukuu imebaki juma mbili tu, na vijana wameridhika, na hamkopi, ngojeni.

Wenye posa zilizokubaliwa waje kuniona leo baada ya swala, waje pamoja na binti au mama yake.

Ewe Mola, wape vijana wetu wake na waume wema, na uwafanyie wepesi wanaongoja. Amina.