Tumwambie Mtoto Baba Yuko Wapi?

Je, ni halali kwa wazazi kumdanganya mtoto ili asipatwe na hofu? Swali hili lahusu kila nyumba, lakini kuna nyumba ambamo halikomi kubisha hodi, nazo ni nyumba za wanajeshi. Baba ametumwa Somalia. Mtoto wa Gredi ya 4 auliza, "Mama, baba yuko wapi?" Naye mama ajibu, "Yuko kozi huko Lanet, atarudi karibuni." Ajibu hivyo kwa mapenzi. Pengine ni baba mwenyewe aliyemwagiza usiku wa kufunga mizigo: "Mama watoto, usiwaambie, watashindwa kusoma." Siku hizi huenda pia ni mama aliyevaa magwanda, na baba ndiye abakiaye nyumbani na swali. Mashauri yetu ni yale yale.

Majeshi ya Kenya yaliingia Somalia mwezi wa Oktoba 2011. Mwaka uliofuata yalitiwa katika AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika, ambacho mwaka 2022 kilifuatwa na ATMIS, na mwaka 2025 AUSSOM. Majina yamebadilika, lakini kwa mtoto aliye nyumbani jambo ni lile lile: kiti cha baba ki wazi. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza sasa ni kijana aliyekwisha kubalehe. Baba alikula kiapo kwa hiari yake. Mama naye, mara nyingi, alikubali kuolewa na mwanajeshi akijua aolewa na nani. Mtoto hakuulizwa na hakula kiapo chochote, wala halipwi posho. Basi yatupasa kuuliza kwa makini ni kitu gani wazazi wanamwia, na kama ukweli ni mojawapo.

Kanisa limelifikiria jambo la uongo tangu kale. Mtakatifu Augustino aliandika kitabu kizima juu ya uongo, karibu na mwaka 395, naye hakuukubali hata ule usemwao kwa nia njema. Wengi wamemwona mkali kupita kiasi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alimfuata, lakini alikumbusha kwamba yaruhusiwa kuuficha ukweli kwa busara. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2488 na 2489, yafundisha kwamba haki ya kuambiwa ukweli ina mipaka, na kwamba hakuna alazimikaye kumfunulia ukweli mtu asiye na haki ya kuujua. Kwa hiyo kunyamaza ni jambo moja, na kudanganya ni jingine. Watu wengi huyachanganya mawili haya, na hapo ndipo nyumba nyingi zinapopotea njia.

Mwanajeshi ana siri ambazo si mali yake. Mahali ilipo kambi, siku ya safari, idadi ya wenzake: hayo hana ruhusa ya kuyasema hata kwa mkewe, sembuse kwa mtoto ambaye kesho atayasimulia dukani akinunua mkate. Mama akisema, "Baba yuko Somalia pamoja na wenzake. Mahali hasa hatuambiwi, nami siulizi," amesema ukweli mtupu, na hakutoa siri ya mtu. Akisema, "Yuko Lanet," amesema uongo. Mtoto aweza kuishi na mlango uliofungwa, mradi ajue kwamba umefungwa. Watoto wa daktari na watoto wa hakimu huishi hivyo.

Msomaji aweza kusema: sawa, ni uongo, lakini ni mdogo, nao wamwezesha mtoto kulala na kusoma. Madhara yake ni nini?

Tukumbuke tarehe 15 Januari 2016. Alfajiri ya siku hiyo al-Shabaab waliishambulia kambi ya Wakenya huko El Adde, katika eneo la Gedo. Serikali haikutangaza idadi ya waliouawa. Miili mingine ilibidi itambuliwe kwa vipimo vya DNA, na familia zikangoja. Lakini picha hazikungoja. Zilisambaa katika simu za watu, ijapokuwa wananchi waliombwa wasizipitishe. Tarehe 27 mwezi huo ikafanyika ibada ya kumbukumbu katika kambi ya Moi, Eldoret. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 27 Januari 2017, kambi ya Kulbiyow nayo ikashambuliwa. Mara zote mbili ulikuwa mwezi wa Januari, watoto wakiwa wamerudi shuleni.

Sasa mfikirie mtoto wa mahali popote aliyeambiwa kwamba baba yuko kozi. Wakati wa mapumziko mwenzake asema, "Baba yangu anasema askari wa upande wenu wako Somalia, wamepigwa." Siku hiyo mtoto apata habari mbili kwa pamoja: kwamba baba yake yuko vitani, na kwamba mama yake alimdanganya. Habari ya kwanza yaweza kuisha vema, baba akapiga simu jioni. Ya pili haifutwi na simu. Tangu hapo kila aambiwalo nyumbani atalipima kwanza. Mama akicheka, atajiuliza kama ni kicheko cha kweli. Akiambiwa, "Hakuna shida, kasome," atakaa na kitabu mbele yake huku masikio yakiwa sebuleni.

Twaona pia kwamba familia iliyo ndani ya kambi haina taabu sana na uongo huu, kwa kuwa hauishi wiki moja. Watoto wa nyumba za jirani wote wajua ni kikosi gani kimeondoka. Hatari ni kubwa zaidi kwa mama aliyebaki mashambani, mathalani huko Bungoma au Kitui, ambako pengine mtoto wake ndiye peke yake shuleni mwenye baba mwanajeshi. Huko uongo huishi muda mrefu, tena mtoto akigundua hana mwenzake wa kumweleza.

Na mama mwenyewe je? Uongo humla yeye kwanza. Itambidi azime redio mtoto akiingia, afiche simu, alie jikoni kwa siri na kusingizia moshi. Uchunguzi wa familia za wanajeshi wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la Pediatrics, ulionyesha kwamba matatizo ya watoto yaliambatana na mambo mawili: urefu wa miezi ambayo mzazi hayupo, na hali ya moyo ya mzazi aliyebaki nyumbani. La kwanza liko mikononi mwa makamanda. La pili laweza kusaidiwa, na mojawapo ya misaada ni kumpunguzia mama mzigo wa kuigiza.

Hapa twapenda kumgeukia baba. Bwana, usimwachie mkeo kazi hii. Kabla ya kuondoka, kaa na watoto, uwaambie wewe mwenyewe kwa kinywa chako unakwenda nchi gani na kufanya nini. Mtoto wa miaka minne hataki habari za vita. Ataka kujua nani atamfunga viatu na nani atampeleka shule, basi umjibu hayo. Wa miaka tisa mfunulie atlasi yake ya shule, umwonyeshe Mandera na mpaka. Kijana wa miaka kumi na minne muulize kwanza amesikia nini, maana huenda amesoma mengi kuliko mama yake, na mengine ni ya uzushi.

Wala usimwahidi mtoto kwamba utakuwa nyumbani Krismasi. Likizo si yako kuitoa. Sisi husema "Mungu akipenda" kama pambo tu la mazungumzo, lakini kwa mwanajeshi maneno hayo yana uzito wake wote. Sema, "Naomba nije Krismasi, Mungu akipenda na wakubwa wakiniruhusu." Usimwambie kifungua mimba wako, "Sasa wewe ndiye mwanamume wa nyumba." Akina baba wengi husema hivyo kwa kumtia moyo, lakini si kweli. Mvulana wa miaka kumi na miwili si mume wa mtu, na hawezi kuwatunza wadogo zake kama baba. Tumewaona wavulana walioichukua kauli hiyo kwa moyo wote, wakaacha kucheza, wakawa wazee kabla ya wakati, na baba aliporudi hawakujua wamrudishie vipi kiti chake. Mpe kazi ya mtoto: kufunga kuku jioni, kumsaidia dada yake hesabu.

Simu nazo zisiwe za "huku ni raha tu". Simulia mambo madogo ya kweli yasiyo siri, kama jua lilivyo kali, mbuzi uliowaona, jinsi ulivyokumbuka ugali wa nyumbani. Kisha uliza jambo moja mahususi la shule, si "unasoma vizuri?" tu. Na mama asimfanye baba kuwa kiboko cha mbali kwa kusema, "Ngoja baba yako arudi." Mtoto anayeambiwa hivyo hujikuta anaomba baba arudi huku anaogopa kurudi kwake.

Mwalimu wa darasa pia ana haki ya sehemu ya ukweli. Amwonaye mtoto asinzia na kukosa kazi za ziada atadhani ni uvivu, na kama hajui sababu huenda akamwadhibu. Katika mtaala wa sasa alama za tathmini za Gredi ya 7 na ya 8 huhesabiwa mtoto anapopangiwa shule ya juu, kwa hiyo muhula mmoja ulioharibika huacha alama yake. Huko Uingereza, tangu mwaka 2011, shule za serikali hupewa fedha za ziada kwa kila mwanafunzi ambaye mzazi wake ni mwanajeshi, ili zimwangalie kwa karibu. Kumwarifu mwalimu hakuhitaji hata shilingi. Yatosha mama aende, aseme baba hayupo kwa miezi kadhaa, na aombe kuitwa mapema mtoto akibadilika.

Limebaki swali ambalo kila mzazi huliogopa. Siku moja, mara nyingi taa ikiwa imezimwa, mtoto atauliza, "Baba atakufa?" Ni rahisi kusema, "Hapana, hawezi." Lakini hakuna mzazi aliye na ruhusa ya kutoa hakikisho hilo. Twashauri ajibu hivi: "Sijui, mwanangu. Amefunzwa vizuri, ana wenzake wanaomlinda, na tunamwombea kila siku. Nikipata habari yoyote, utaisikia kutoka kwangu, si kwa mtu mwingine." Kama habari ni kwamba baba hajulikani alipo, aambiwe, "Bado hatujui." Kama ni kifo, lisemwe neno lenyewe, "amekufa", si "amesafiri", kwa kuwa msafiri hungojwa.

Na ahadi ile ya kuisikia kwa mama kwanza ni lazima itunzwe. Ikiwa mtoto yuko shule ya bweni, mama azungumze na mwalimu mkuu mapema, wakati bado kuna amani, wakubaliane kwamba siku ikitokea, mtoto hataambiwa lolote na mtu yeyote mpaka mama afike, hata kama itambidi apande matatu usiku huo huo.