Ugumu wa Basanga: ushujaa ao kichwa ngumu?

Sisi bana ba Likasi tunapenda kusema: "Bankambo betu balikuwa bagumu kama majiwe." Ni kweli. Lakini tujiulize, ugumu ule ulilipwa na nani?

Wakati wa Dola Huru la Kongo (1885–1908), mfalme Mulume Niama wa Basanga alikataa kuinama mbele ya Bula Matari. Alipigana na askari wenye mizinga, kisha akaingia na watu wake katika pango la Tshamakele. Askari wakawasha moto kwenye milango yake mitatu, moshi uingie. Kisha juma moja wakatuma mjumbe: mutoke! Wakakataa. Pango likazingirwa miezi mitatu. Ndani zikakutwa maiti 178. Halafu wakaliporomoshea udongo na mawe, lisibaki hata kaburi la kukumbukwa.

Wengine wanasema ni kichwa ngumu, angetoka wangepona. Hapana: mwenye hatia njo ule aliyewasha moto. Lakini mkubwa naye asisahau: mtu anaweza kutoa roho yake mwenyewe, ya mwenzake, kwanza amuulize.

Basi tukisifu ugumu wa bankambo, tuhesabu pia bale 178.