Mwenye Mji ni Nani?

Msomaji, tuseme unakaa katika mji ambao takataka zimelundikana milangoni, mifereji haitoi maji, na madiwani uliowachagua wanagombana wao kwa wao. Akija mtu mwenye amri akakuambia, "Nipe kura yako, nami nitakupa mji safi," utamjibuje? Usifanye haraka kukataa. Mama ambaye mwanawe anaharisha kwa maji machafu hana subira ya kungoja uchaguzi ujao.

Swali hili si la kubuni. Nairobi ilianza mwaka 1899 kuwa kambi ya reli, na mwaka 1950 ikapewa hati ya kifalme ya kuwa jiji. Siku hizo Mwafrika aliyefagia njia zake hakuwa na kura ya kumchagua diwani. Mwaka 1962 Charles Rubia akawa meya wake wa kwanza Mwafrika. Basi kura ile ilikuwa bado ngeni mikononi mwa watu, haijatimiza hata robo karne, serikali ilipolivunja baraza mwaka 1983 na kuweka tume ya watu walioteuliwa. Tume hiyo ilidumu hadi 1992.

Wala usidhani kuwa haya ni maradhi ya nchi changa. London ilikuwa na baraza kuu tangu 1965. Mwaka 1986 likavunjwa kwa sheria ya Bunge, na kwa miaka 14 jiji lile kubwa halikuwa na chombo kimoja kilichochaguliwa na wakazi wake wote. Huko ugomvi haukuwa wa takataka. Baraza lilikuwa mikononi mwa chama kimoja, na serikali mikononi mwa chama kingine. Yaelekea mwenye uwezo wa kuvunja hakosi sababu.

Wasemao kuwa mji mchafu hauna haja ya kura, bali wahitaji mkono wa nguvu, wana hoja, nami siidharau. Walakini hebu fikiri: msimamizi wa shamba akiiba mavuno, hufukuzwa msimamizi, mwenye shamba hafukuzwi. Kuliondoa baraza bovu ni jambo moja. Kuwaondolea wakazi haki ya kuchagua jingine ni jambo la pili, na aghalabu haya mawili hufungwa katika furushi moja tusiyatambue. Tena, diwani mvivu aweza kuulizwa na wewe uliyempigia kura. Mteule humjibu aliyemteua.

Katiba ya 2010 ilileta magavana, na wa kwanza wakachaguliwa mwaka 2013. Hata hivyo, mwaka 2020 kazi kadha za Kaunti ya Nairobi, zikiwamo afya na uchukuzi, zilikabidhiwa serikali ya taifa, na mwanajeshi akawekwa kuzisimamia. Wako wakazi waliofurahi, maana visima vilichimbwa katika mitaa iliyokuwa na kiu. Sitawalaumu. Lakini angalia tofauti moja: gavana na bunge la kaunti hawakufutwa, na mapatano yale yaliandikwa kuwa ya miezi 24. Muda uliongezwa kidogo, kisha mwaka 2022 kazi zikarudi, baada ya wakazi kupiga kura. Mama yule wa mtoto mgonjwa alipata maji, na mwezi wa Agosti mwaka ule alisimama katika mstari pamoja na wengine.